Mgeni na Kuta za Karema

Atokaye Mpanda kushika njia ya magharibi hufika Karema, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, akakuta kuta za ngome iliyoanzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Chama kilijigamba kuja kukomesha utumwa. Mwaka 1885 ngome ikakabidhiwa Mapadre Weupe. Mwaka huo huo Leopold akajitwalia Kongo, ng’ambo ya ziwa, ambako watu walikuja kukatwa mikono kwa sababu ya mpira.

Je, yafaa kuustaajabia ukuta wa namna hii? Wako wasemao udongo hauna dhambi. Jibu jepesi hilo. Udongo haukujikanda wenyewe.

Lakini Karema hiyo hiyo ndiko alikotibu watu Adrien Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa, akauzwa, akakombolewa kwa fedha na mapadre, akasomea utabibu Malta. Aliwahudumia wagonjwa kwa zaidi ya miaka sitini, hata alipofariki mwaka 1956. Mama aliyeletewa nafuu na mkono wake hakuwa na haja ya kuuliza nani aliyejenga. Mgeni anayo, kwa kuwa hakuletwa na homa. Ameletwa na macho yake.

Wala msomaji wa pwani asijitoe. Misafara ile ambayo Leopold aliifanya kisingizio haikuishia ziwani: ilipita Tabora, ikateremka Bagamoyo, na soko lake lilikuwa Unguja.