Majonzi ya Mtetea

Yapo majonzi ambayo mtu huona haya kuyatangaza, si kwa kuwa hayana uchungu, bali kwa kuwa watu wamekwisha kuyapangia daraja ya chini kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Na katika hayo sidhani kama yako yanayochekwa upesi kuliko ya mtu aliyefiwa na kuku. Mtaa wa Kaloleni, Nairobi, uliojengwa miaka ya 1940 kando ya njia ambayo leo huitwa Barabara ya Jogoo (jogoo alipata heshima hiyo kwa kuwa alama ya chama cha KANU; mtetea, ambaye ndiye mwenye kazi, hana hata kichochoro), ungali na nyua zenye nafasi ya kuku kuparura, na katika ua mmoja bibi mjane alikuwa na mtetea wa kienyeji aliyemwita Shani, aliyetaga katika karai kuukuu chini ya meza, akamfuata bibi huyo bombani na kurudi, na usiku akalala karibu na jiko la makaa lililokwisha kupoa.

Shani alishikwa na mdondo. Kinyesi kiligeuka kijani, mbawa zikalegea, kisha shingo ikapinda hata kichwa kikaelekea mgongoni. Ndwele hii, ambayo madaktari wa mifugo huiita Newcastle kwa jina la mji wa Uingereza ilikozuka mwaka 1926, mwaka uleule ilipoonekana katika kisiwa cha Java, haina dawa ya kuiponya, na ikiingia katika kundi lisilochanjwa yaweza kulimaliza lote.

"Bibi, mchinje sasa, roho ingalimo," alisema kijana wa mlango wa pili, kwa adabu na kwa nia njema. "Ukingoja alfajiri utaamkia kibudu."

"Mwanangu," bibi akajibu, "huyu simli."

Kijana hakukosea katika sheria, maana mafakihi wanasema mnyama mgonjwa akichinjwa ilhali uhai ungali ndani yake nyama yake ni halali, na akijifia mwenyewe ni haramu. Walakini halali ni ruhusa, si amri, na hapajawa na mtu aliyeandikiwa dhambi kwa kuacha kitoweo. Shani akafa, bibi akamlilia, na wengine wakanong'ona kwamba ni israfu. Hoja iliyo nzito zaidi aliitoa mtu wa tatu, aliyekumbusha kwamba bibi huyuhuyu, ifikapo Idi, hununua kuku wa kuchinja kama watu wote: basi yampasa ama awalilie wote, ama asimlilie hata mmoja.

Nimeifikiri sana hoja hii, wala siipuuzi. Jibu nililiona katika kisa cha nabii Nathani mbele ya mfalme Daudi, cha maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu, aliyekula tonge lake na kulala kifuani pake, hata tajiri akamnyang'anya ili amkirimu mgeni. Daudi aliposikia alighadhibika mno, na katika ghadhabu yake hakuuliza kama maskini yule hali nyama ya kondoo wengine. Asingeweza kuuliza, kwa sababu alifahamu mara moja jambo ambalo hoja ya mtu wa tatu inalisahau: kwamba haki nyingine hazitokani na jinsi ya kiumbe, bali na ukaribu ambao sisi wenyewe tumeuruhusu. Anayemfundisha kiumbe kumwamini amejitwika amana, na amana hiyo hawajibiki nayo kwa kuku wote wa dunia, kama vile baba hawajibiki na karo ya watoto wote wa Nairobi.

Na katika hadithi za Mtume, Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtoto wa Madina, Abu Umayr, aliyefiwa na kindege alichokuwa akicheza nacho. Mtume, aliyekuwa na mizigo ya umma mzima mabegani, alimwuliza mtoto yule habari za kindege chake. Yanayonistaajabisha ni yale ambayo hakuyasema: hakumwambia kuwa ni ndege tu, wala hakumwahidi kuwa watakutana naye peponi. Alimwuliza, na kwa kumwuliza akauheshimu msiba.

Watu wa mtaani hawakosi kuuliza kama Shani atafufuliwa. Kurani yasema kwamba wanyama na ndege ni umati mfano wetu na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Hadithi inaongeza kwamba siku hiyo mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kisasi kwa mwenye pembe, na wafasiri wakaeleza kwamba baada ya hukumu hiyo wanyama wataambiwa wawe udongo. Wanachuoni wa madhehebu ya Mu'tazila hawakutosheka, wakashikilia kwamba uadilifu wa Mungu wadai kila mnyama alipwe fidia ya maumivu yake. Siwezi kuamua baina yao. Naona tu kwamba hata kwa kauli iliyo kali zaidi, udongo haufiki ila baada ya hesabu. Kwa hiyo maumivu ya ndege yamo daftarini, hata kama pepo haimo.

Likiwa hivyo, swali la kama bibi alie au asilie ni jepesi, na swali zito linawageukia majirani waliosema "ni kudra" wakaenda zao. Mdondo una chanjo, tone moja la jicho, nayo hutengenezwa hapa Kenya na taasisi ya serikali, KEVEVAPI. Shida ni kwamba kichupa kimoja huwa cha kuku 50, 100 au zaidi, nacho kikishachanganywa hakidumu ila saa chache. Mwenye kuku watatu hamudu kukinunua peke yake, akakitumia kidogo na kingi akakimwaga. Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo kuna vyama vya akina mama vya kununuliana sufuria na vya kuzikana, lakini cha kununua kichupa kile kwa pamoja bado sijakisikia.