Mbwa wa Jirani na Haki ya Mwenye Mbwa



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu katika imani, nimeombwa niandike kuhusu haki za jirani. Ningeweza kupanga hadithi kumi, mkazisoma, mkasema maashaallah na kugeuza ukurasa. Lakini mwaka huu mimi na wenzangu wawili tulikaribia kufanya jambo baya sana, tena tukiwa na dalili za fiq'hi mkononi, na naona bora niwasimulie hilo.

Tumepanga chumba Mbugangari. Kutoka kwetu hadi msikitini ni dakika saba au nane kwa miguu, na njia inapita kando ya ukuta mfupi wa mawe ya volkano wa mama mmoja mtu mzima, ambaye si Mwislamu. Mama huyu ana mbwa mkubwa wa rangi ya udongo. Mchana amefungwa mnyororo, usiku anafunguliwa. Kila tukitoka saa kumi na nusu alfajiri anatusubiri, anabweka kutoka kona moja ya ukuta hadi nyingine, na geti lake lilikuwa bovu kiasi kwamba kichwa na mabega yake hupita. Usiku wa manane akisikia pikipiki anaanza, na akianza yeye wanaitika mbwa wa mtaa mzima. Ilikuwa wiki ya mitihani.

Alfajiri moja alipenya getini akamshika mwenzetu upindo wa kanzu, akauchana. Hakumng'ata, alhamdulillah. Mwenzetu alirudi chumbani akaanza kutafuta udongo gizani ili afue mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa katika madhehebu ya Imam Shafi'i. Alipomaliza, jamaa ilikuwa imekwisha. Siku iliyofuata tukaswali alfajiri chumbani. Na ya pili yake. Wiki mbili hatukuuona msikiti alfajiri, na kila mmoja akawa na udhuru wake tayari: mbwa.

Hapo ndipo mwenzetu anayetuzidi wote kwa Kiarabu alipoleta hadithi ya Bi Aisha (R.A) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuhusu viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia: kunguru, mwewe, nge, panya na al-kalbul-aquur, mbwa mwenye kujeruhi. Akaongeza maneno ya Imam Malik katika Muwatta, kwamba neno hilo linakusanya kila mnyama anayejeruhi watu, kuwashambulia na kuwatisha. Akatuuliza, je, huyu hatutishi? Hatukuwa na jibu. Kwa kweli hatukutaka kuwa nalo. Tukanunua nyama robo kilo na dawa ya panya dukani. (Panya naye yumo katika wale watano, lakini panya wa chumbani kwetu tulikuwa tumeishi nao mwaka mzima bila kutaja hadithi.) Mpango ulikuwa kuirusha nyama juu ya ukuta usiku wa Ijumaa. Mimi ndiye niliyeikata vipande.

Kilichotuzuia si taqwa, nisiwadanganye. Alhamisi baada ya darsa nilimuuliza ustadhi wetu swali kwa njia ya kuzunguka, kana kwamba nafanya utafiti: ni ipi hukumu ya kumuua mbwa mkali wa jirani? Akanitazama, akasema, "Jirani mwenyewe anaitwa nani?" Nikanyamaza. Nilikuwa na miezi kumi na minne pale, na sikujua jina la yule mama. Akauliza tena, "Mmempigia hodi mara ngapi?" Hata mara moja. Akasema, basi hujafika kwenye mlango wa mbwa bado, uko kwenye mlango wa jirani.

Ndugu zangu, tulichokifanya ni kuanzia fiq'hi mwisho wake. Tazameni jinsi mambo yalivyo kwa mpangilio. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 36, Allah ametuamrisha wema kwa jirani wa karibu na pia kwa jirani aliye mgeni kwetu, na wapo wafasiri waliosema huyo wa pili ni yule asiyekuwa ndugu yako wala wa dini yako. Abdullah bin Amr (R.A) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza na kurudia kuuliza iwapo jirani yao Myahudi amepelekewa fungu lake, kwa sababu alimsikia Mtume (S.A.W) akisema kuwa Jibril hakuacha kumuusia kuhusu jirani mpaka akadhani atamrithisha. Hadithi hiyo sote tunaijua. Yeye aliielewa kuwa inamhusu Myahudi wa mlango wa pili, nasi tumekuwa tukiielewa kana kwamba inawahusu Waislamu wenzetu wa Majengo.

Kuhusu mbwa mwenyewe, dalili yetu ilikuwa na tundu kubwa. Ni kweli kuwa huko Madina ilitolewa amri ya kuua mbwa, kisha Mtume (S.A.W) akaizuia, na katika Sahih Muslim imo ruhusa ya mbwa wa kuwinda na wa mifugo. Katika Sunan Abi Dawud kuna maneno yake kwamba mbwa nao ni umma miongoni mwa umma, na hiyo ndiyo sababu ya kutoamrisha wauawe wote. Imam Nawawi ameeleza kuwa maulamaa wameafikiana juu ya yule mwenye kujeruhi, lakini sharia ikatulia kwenye kukataza kumuua asiye na madhara. Sasa mbwa anayebweka nyuma ya ukuta wa mwenyewe, akilinda alichowekwa alinde, anaingia wapi? Kubweka ndiyo kazi yake. Kuchana kanzu ni madhara, sikatai, na maulamaa wamesema mwenye mbwa mkali akimwachia anabeba dhamana ya alichokiharibu. Lakini dhamana hudaiwa kwa mwenye mbwa. Mbwa hajui kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana. Sisi tunaijua, tumeihifadhi kwa mtihani.

Na ile hadithi kali ya mtu asiyeamini kikamilifu kwa sababu jirani yake hasalimiki na shari zake, tulikuwa tukimsomea yule mama moyoni kila usiku. Ustadhi akanigeuzia: kati yenu na yeye, nani mwenye sumu ndani ya nyumba?

Katika nchi yetu kumchukia mbwa si suala la fiq'hi peke yake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa walipigwa risasi kwa wingi kwa sababu walikuwa wamekula maiti, na wakubwa wetu wanasimulia miaka ambayo usiku ulikuwa kimya kabisa. Mwenye nyumba wetu ni mmoja wao. Mbwa akibweka sana, anatoka nje na kukaa barazani hadi anyamaze. Simlaumu mtu wa aina hiyo hata kidogo. Lakini sisi tuliozaliwa baadaye hatuna udhuru huo. Tena mwaka huohuo wa 1994 ndio tunaoutaja katika kila muhadhara, kwamba Waislamu wengi wa Rwanda waliwaficha majirani zao bila kuuliza dini. Ni kweli, na ni fahari. Ila wale walijua majina ya majirani zao.

Mwenye nyumba alitaka tulisemee jambo hili hadharani, kwenye mkutano wa baada ya umuganda, mbele ya mkuu wa mudugudu. Njia hiyo ipo, na ni haki ya mkazi. Kuna hata hadithi ya Abu Hurayra (R.A) katika Abu Dawud, ya mtu aliyeteswa na jirani yake. Mtume (S.A.W) alimwambia atoe vyombo vyake aviweke njiani ili wapita njia waone na wamlaumu yule jirani. Wengi tunaipenda hadithi hii kwa sababu ya mwisho wake. Tunaruka mwanzo: kabla ya hapo alimrudisha mara mbili au tatu akamwambia asubiri. Sisi hatukuwa tumesubiri wala kusema. Tulikuwa tumerusha mawe tu. Ndiyo, na mawe tulirusha, alfajiri, tukienda kuswali.

Basi Ijumaa baada ya alasiri nilikwenda peke yangu nikapiga hodi. Mbwa akavuta mnyororo, mama akamtuliza kwa neno moja, "Simba!", akanifungulia. Nilikuta mjukuu wake wa miaka minne hivi amekaa chini ya ukuta, kwa ndani, anachezea vifuniko vya chupa na kuvitia mdomoni. Ni pale pale, ndugu zangu. Pale tulipokuwa tumepanga nyama iangukie. Sikusikia maneno ya mwanzo ya yule mama. Nilikuwa natazama mikono ya yule mtoto.

Aliniita "mwanangu" akanipa kigoda. Ni mfanyabiashara wa mboga, huvuka Petite Barrière kwenda Goma, hutoka mapema na kumwacha mtoto kwa binti wa jirani. Aliibiwa mara mbili, ndipo akaletewa mbwa na kaka yake kutoka kijijini. Alisema zamani Simba hakuwa hivi. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na mabomu mengine yakaanguka upande wetu wa mpaka, mbwa hakutulia tena. Kivuli kikipita anaruka. "Na kuna watu humpiga mawe gizani," akasema, "siwajui."

Nikamwambia ni sisi.

Alikaa kimya, kisha akacheka, si kicheko cha furaha sana. Akasema naye alikuwa na la kwake: simu zetu tatu zinaadhini kwa pamoja kila alfajiri, dirisha liko wazi, na huachwa zikalia hadi mwisho, na baada ya tarawehe tulikuwa tunasimama chini ya ukuta wake tukizungumza kwa sauti hadi usiku mwingi. Hakuwahi kutushtaki popote. Mimi ni miongoni mwa waliouma meno mwaka 2018 wilaya ya Nyarugenge kule Kigali ilipozuia adhana kwa vipaza sauti, nikisema watu hawana uvumilivu. Kumbe kulikuwa na mtu aliyenivumilia mwaka na zaidi, na nilikuwa nimemkatia nyama.

Habari ya ile nyama sikumwambia. Sijui kama nilifanya sawa. Ustadhi alisema toba yake ni kwa Allah na madhara hayakutokea, lakini neno la mawe lilikuwa haki yake alijue. Usiku ule tulichimba shimo refu nyuma ya choo tukaifukia, na jiwe juu yake.

Tuliyokubaliana ni machache. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili alfajiri Simba anafungwa upande wa nyuma. Mwenzetu mmoja mwenye ufundi kidogo alitengeneza geti, mbao zilikuwa zetu. Kila mmoja wetu alipita mchana mara kadhaa, mama akiwepo, mbwa akatunusa kwa mbali. Kwa wanaouliza kuhusu najisi: kwa Mashafi'i mbwa mkavu akigusa nguo kavu hakuna cha kuosha, tatizo ni umajimaji, na wenzetu wa madhehebu ya Malik wanamwona ni tohara akiwa hai. Chukua madhehebu yako, lakini usiyafanye kuwa sababu ya kutofika kwa jirani. Na akikung'ata mbwa, wa jirani au wa barabarani, habari ya udongo iache kwanza: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Huyo ndiye mbwa wa kumripoti haraka, na kwa serikali, si kwa sumu.

Jabir (R.A) amepokea kuwa tukisikia mbwa wakibweka usiku tujilinde kwa Allah, kwa kuwa wanaona tusiyoyaona. Nilikuwa naijua hadithi hii tangu madrasa ya utotoni, na katika usiku wote ule wa kulaani mbwa sikuisoma isti'adha hata mara moja.

Simba bado anabweka, hasa pikipiki zikipita na radi zikipiga juu ya ziwa. Mwenzetu aliyeleta hadithi ya al-kalbul-aquur akimwita jina anatulia. Mimi bado ananiungurumia, labda anakumbuka mkono. Mama alituonyesha kadi yake ya chanjo: inakwisha mwezi ujao. Siku ambayo daktari wa mifugo wa sekta anachanja, yeye anakuwa Goma sokoni, kwa hiyo tumekubaliana kuwa sisi ndio tutampeleka kwa kamba. Nimekwisha tenga kanzu kuukuu ya siku hiyo, na udongo safi nimeuweka kwenye mkebe.

Wabillahi tawfiq.