Je, kumwelewa adui ni kukubali makosa yake?



Katika parokia zetu za mashariki tunasikia ulizo hili: Mkristo akijaribu kuona mambo kwa macho ya adui, je, hasaliti damu ya ndugu zake?

Tarehe 30 Julai 2002, huko Pretoria, Rais Joseph Kabila na Rais Paul Kagame walitia sahihi mapatano. Rwanda iliahidi kuondoa majeshi yake katika inchi yetu. Kongo iliahidi kuwanyang'anya silaha Interahamwe na askari wa zamani wa Rwanda. Walipewa siku 90.

Tuketi kwanza upande wa Kinshasa. Tangu Agosti 1998 majeshi ya kigeni yamo ndani, watu wanauawa, mashamba yanaachwa. Mwenye nyumba anasema: «Toka kwanza, ndipo tuongee juu ya wale unaowatafuta.»

Tuketi sasa upande wa Kigali. Mwaka 1994 Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, na wauaji wengi wakavuka mpaka pamoja na silaha zao. Huyu anasema: «Waondoe hao kwanza, ndipo nitatoka.»

Neno «kwanza» lilikuwa kinywani mwa wote wawili. Oktoba 2002 Rwanda ilitangaza kwamba askari wake wameondoka, lakini vita ya mashariki haikuisha. Tarehe 27 Juni 2025, huko Washington, inchi hizo mbili zilitia sahihi tena, na mambo makubwa yalikuwa yaleyale mawili. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Pretoria alikuwa sasa mtu mzima, naye hajaonja amani.

Tusome Mwanzo 26. Isaka alikumbuka namna alivyofukuzwa na visima vilivyozibwa. Abimeleki aliogopa nguvu za Isaka. Isaka hakuficha uchungu wake, alimwuliza wazi. Abimeleki naye akaomba kiapo kusudi asidhuriwe. Walikula pamoja, wakaapa, na siku ileile watumishi wakaleta habari ya maji.

Basi jibu letu linatoka katika mafundisho tuliyopokea: Upendo, Amri na Kazi. Upendo unatuagiza kusikiliza hofu ya mwingine. Amri inatukataza kuita ubaya wema: hofu inaeleza kwa nini mtu alishika silaha, lakini haimpi ruhusa ya kuua mama aliye shambani. Kazi ndiyo inayobaki wakati wino umekauka, kila upande kutimiza ahadi yake bila kungojea mwenzake aanze.

Kwa hiyo, wapendwa, tukipatanisha ndugu wawili juu ya mpaka wa shamba, tumwombe kila mmoja aseme mbele ya watu hofu ya mwenzake, mpaka mwenzake akubali: «Ndivyo ilivyo.» Hapo hakuna aliyesaliti damu ya ndugu zake. Ameanza kuwalinda wale ambao wangali hai.

Bwana atubariki. Amina.