Kopo la Ndagala



Jumamosi moja, fundisho lilipokwisha, mama mmoja mwuza ndagala alibaki nyuma ya wenzake, akaniambia: "Mwalimu, umetufundisha kwamba kazi zetu zote tuzifanye kwa heshima ya Mungu. Lakini umetufundisha pia kwamba Mungu hapungukiwi na kitu. Basi, nikijaza kopo langu sawasawa, Mungu apata faida gani? Na nikipunja, apata hasara gani?" Sisi makatekista tumezoea kujibu upesi. Siku ile nilifungua kinywa, nikakifunga tena, nikamwomba anipe muda wa juma moja.

Habari za kopo mwazijua ninyi mkaao kando ya ziwa. Wavuvi hutoka Kalundu na vijiji vingine usiku wa giza pamoja na taa zao, kwa sababu ndagala huvutwa na mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu tena. Kukipambazuka, wanawake hununua, huanika, hupeleka sokoni. Huko wengi hawauzi kwa mizani. Kipimo chao ni kopo. Kopo likigongwa kidogo chini, kitako chake huingia ndani, na kila linapojazwa, samaki kadhaa hubaki kapuni mwa mwuzaji. Mnunuzi huona kilima kilicho juu. Kilicho chini hakioni. Wengine husema: "Hiyo si dhambi, ni akili ya soko."

Nilifikiri juma zima. Kwanza nilikiri kwamba mama yule alisema kweli. Kanisa lenyewe, katika utangulizi mmoja wa Sala Kuu ya Misa, lamwambia Mungu kwamba sifa zetu hazimwongezei kitu, bali zatufaa sisi kwa wokovu. Mtu akifungua dirisha asubuhi, jua halizidi kung'aa. Chumba ndicho kipatacho mwanga. Jibu hilo lilinipendeza siku mbili. Siku ya tatu niliona kwamba halitoshi, maana lilisema habari za mwuzaji tu, likamsahau mnunuzi.

Mnunuzi ni nani? Mara nyingi ni mjane mwenye faranga chache mkononi, na watoto wake wangoja bugali nyumbani. Samaki wale waliobaki kapuni walikuwa kitoweo cha mtoto mmoja. Na Bwana wetu, katika Injili ya Matayo, sura ya 25, asema waziwazi kwamba tunayowatendea wadogo twamtendea yeye. Hapo ndipo nilipopata jibu. Mungu asiyepungukiwa na kitu amekubali kupunjwa ndani ya mjane yule. Huko mbinguni hatuwezi kumpunguzia kitu. Sokoni twaweza, kwa kuwa yeye mwenyewe ametaka kuwa mmoja na maskini.

Kwa hiyo nawaomba myaangalie maneno yenu. Jina la Mungu ni jepesi kinywani mwetu. Twaliandika ubavuni mwa mitumbwi, twalitaja katika salamu, wala si vibaya. Lakini mwezi wa Aprili 2020, Mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira, ukabomoa nyumba na kuua watu, vyombo vya nyumbani vilichukuliwa na maji mpaka ziwani. Nilimsikia mtu aliyeokota mbao ufukweni akisema: "Mungu amenipa." Mwenye mbao alikuwa hai, naye alijulikana. Mimi naona neno lile lilikuwa baya kuliko wizi wenyewe, maana mwizi wa kawaida hamfanyi Mungu kuwa mshiriki wake. Jirani yake naye aliokota mbao. Akaziegemeza ukutani, akangoja majuma matatu mpaka mwenyewe alipokuja. Katika siku hizo zote sikumsikia akilitaja jina la Mungu hata mara moja.

Labda mtu atasema: heshima ya Mungu ni jambo la mashahidi wa dini, si la makopo na mbao. Haya, tuwatazame mashahidi wa pwani yetu hii. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita vya waasi, Padri Luigi Carrara, mmisionari Msaveriani, alikuwa Baraka akiwaungamisha watu. Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Waasi walipofika, walimwua kwanza Bruda Vittorio Faccin. Padri Carrara akatoka, akapiga magoti karibu na mwenzake, naye akauawa papo hapo. Jioni, huko Fizi, wakauawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert, padri mzaliwa wa Kongo. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri.

Nami nilikuwa katika umati, nikaimba pamoja na wengine. Lakini tangu siku ile nazifikiri zaidi Jumamosi nyingine, zile ambazo hakuna aliyeziandika: padri ameketi katika joto, asikiliza dhambi zilezile za watu walewale, na pengine tumbo lina njaa. Kifo kilimkuta mahali alipozoea kuwa.

Msidhani nasema haya kama mtu asiye na kopo. Kopo langu ni madaftari ya watoto. Usiku mmoja, nikiwa nimechoka, niliyatia yote alama ya vema bila kusoma. Baada ya siku chache nilimkuta mtoto mmoja akimfundisha mdogo wake kugawanya, naye amekosa kabisa. Nilipomsahihisha, alinionyesha daftari kwa heshima: "Lakini, mwalimu, wewe mwenyewe uliandika vema." Jioni ile nilikuwa nimesali rozari yote.

Juma lilipokwisha, nilimweleza mama yule niliyoyaona. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno ambalo sikulitazamia: "Na wenzangu wakiendelea na makopo yao, mimi nitauza kwa bei gani?" Kopo lake likijaa, itambidi aombe faranga nyingi kidogo, na wanunuzi watakimbilia bei ndogo wasijue waliyopunguziwa. Wako wahubiri ambao wangemwahidi kwamba Mungu atamjazia kapu mara mia. Mimi sikuthubutu, maana yeye ndiye mwenye watoto wa kulisha. Nilimwambia tu kwamba huenda akapata hasara, na kwamba hasara hiyo Mungu aijua. Alifunga kitenge chake, akaenda.

Jumamosi iliyofuata nilipita sokoni. Kopo lake lilikuwa limegongwa kwa jiwe kutoka ndani, kitako kimerudi chini, kimejaa makovu. Wanunuzi wawili waliuliza bei, wakapita. Wa tatu alikuwa mwanamke mzee. Aliingiza mkono ndani ya kopo, akapapasa kitako, akainua macho kumtazama mwuzaji, kisha akaketi chini akafungua pindo la kitenge alimofunga faranga zake. Saa tisa alasiri nilipopita tena, kapu lilikuwa bado limejaa nusu, na mama alikuwa akifukuza nzi.