Daftari la Mchanga Likae kwa Nani?

Tarasaa haina ufuo. Ina miembe, tope na mto. Ukitaka kuona Tana ikiingia baharini Kipini, unatoka hadi Minjila, unashika barabara ya Lamu mpaka Witu, ndipo ushuke. Lakini mchanga ambao mto unaupeleka Kipini umepita Garsen kwanza, kwa hivyo ufuo ukiliwa, si habari ya wavuvi peke yao.

Kupima ufuo ni kazi rahisi hadi inachekesha. Mwaka 1961 mwanasayansi mmoja Mmarekani, K. O. Emery, alieleza namna ya kutumia fimbo mbili zenye urefu sawa, zilizochorwa alama. Moja inasimama upande wa nchi kavu, nyingine upande wa maji. Unalinganisha ncha ya ile ya chini na mstari ambapo bahari inagusa mbingu, unasoma kwenye fimbo yako ardhi imeshuka kiasi gani, unaandika, mnasonga. Tangu 1999 kuna mpango wa UNESCO uitwao Sandwatch, ulioanzia Karibea, ambapo wanafunzi na wanakijiji huuchunguza ufuo wao wenyewe.

Kazi ni kurudi. Kusi ikivuma, mawimbi yanabeba mchanga. Kaskazi ikituliza bahari, mwingi unarudi. Ukipima wakati wa kusi tu utalia bure. Ukipima kaskazi tu utaambiwa kila kitu kiko sawa (na wageni wa serikali hupenda kuja kaskazi, barabara ikiwa kavu). Inabidi urudi mwezi baada ya mwezi, miaka kadhaa, ndio ujue kipi kimeenda kutembea na kipi kimeenda kabisa.

Sasa hapo ndipo swali linaponikera. Ni haki kumwomba mtu ambaye nyumba yake iko kando ya maji aandike hasara yake mwenyewe, bure? "Kujitolea" ni neno tamu mdomoni mwa mwenye mshahara. Kijana akienda na fimbo maji yakiwa yamekupwa, ameacha nyavu au boda, na siku hiyo unga haujipiki. Ripoti ikiandikwa Nairobi, yeye anaitwa "jamii".

Kuna wanaosema basi tuache, wazee wanajua. Kweli wanajua. Lakini mzee akipeleka kumbukumbu zake ofisini anajibiwa kwamba bahari ni bahari, hiyo ni kudra. Na kudra haina wa kuulizwa.

Shida ni kwamba mto huu haujawa kudra tupu kwa muda mrefu. Karne ya 19 watawala wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, na baadaye Tana yenyewe ikaufuata hadi Kipini. Halafu kati ya 1968 na 1988 yakajengwa mabwawa matano ya umeme huko juu, kutoka Kindaruma hadi Kiambere. Bwawa linazuia maji, na udongo pia. Angalia Sabaki, ambao kwa miaka mingi haukuwa na mabwawa ya aina hiyo: umemwaga udongo mwingi kiasi kwamba ufuo wa Malindi umepanuka, na hoteli zilizokuwa karibu na maji sasa zinayaona kwa mbali. Huku Ozi, chumvi inapanda mtoni na kuua mpunga.

Sisemi mabwawa ndiyo yanaila Kipini. Nasema bila daftari hakuna anayeweza kusema hivyo akasikilizwa. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira hata bila kuonyesha aliyeumia, sawa, lakini hakimu bado atauliza: tangu lini? Na bwawa la High Grand Falls, lililozungumziwa miaka na miaka, likijengwa kesho, nani ataonyesha ufuo ulikuwaje leo?

Kwa hiyo nakubali watu wapime, na walipwe angalau nauli na unga. Ila daftari libaki Kipini. Mtafiti apewe nakala, ofisi za kaunti kule Hola zipewe nakala. Ningesema likae shuleni, lakini walimu huhamishwa na funguo za kabati hupotea. Labda msikitini. Pale kuna mtu kila alfajiri, na tayari wanaufuata mwezi, ambao ndio unaoleta bamvua.