Mto ni Amana

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twawaambia ndugu zetu neno moja.

Nani katika sisi asiyeijua Darajani ya Unguja? Jina limebaki, daraja halipo; mkono wa bahari uliopita pale ulifukiwa, ikawa barabara.

Mto Njoro wa Nakuru haujafika huko, lakini waelekea. Washuka kutoka Mau ya Mashariki hadi Ziwa Nakuru. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 2001 msitu ule ulimegwa zaidi ya hektari 35,000. Leo, kiangazi kikizidi, sehemu za chini za mto hukauka, na taka zikakalia mahali pa maji. Nalo ziwa lile halina mlango wa kutokea: uchafu ulioingia humo, humo hubaki. Mwenye akili na azingatie.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, na amekataza kuchafua mahali pa maji, njia na vivuli. Basi mwenye kujenga mtoni au kumwaga uchafu humo amekula haki ya wenziwe, na wala asidhani kuwa udhu wake utamfutia haki za viumbe.

Twashindana kwa karamu. Natushindane kuzoa taka, kupanda miti na kuuacha ukingo wazi, mzee apate kivuli na mtoto pa kuchezea. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.