Sungusungu Walipofika, na Walipofika kwa Jina Tu

Ukitaka kuchora ramani ya vuguvugu lililozaliwa kwetu Tanzania bila chama, bila ilani wala mfadhili, nukta ya kwanza itaangukia Kahama. Huko, kati ya mwaka 1981 na 1982, Wasukuma na Wanyamwezi wa vijijini walianza kujilinda wenyewe kwa vikundi vilivyoitwa sungusungu. Kahama ya wakati ule ilikuwa pana kuliko ya leo: Bukombe na Mbogwe, ambazo sasa zimo katika Mkoa wa Geita, zilikuwa ndani yake. Ng'ombe waliibwa usiku. Bunduki zilizozagaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 zilikuwa mikononi mwa majambazi. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na wanakijiji walilalamika kwamba mwizi waliyemfikisha huko hurudi kijijini kabla ya wao kufika nyumbani.

Lipo jambo jingine lililotangulia, nalo huwa halisemwi sana. Mwaka 1976 dola yenyewe iliingia Mwanza na Shinyanga kuchunguza mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Watu wengi wakakamatwa, wakateswa, na wengine wakafia mahabusu. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika, ingawa si yeye aliyeinua fimbo. Tendo lile limesifiwa kwa haki. Lakini mwanakijiji wa Usukuma alibaki na somo lake: aliyetumwa kumlinda ndiye aliyemtesa. Basi miaka mitano hivi baadaye filimbi za sungusungu zilipoanza kusikika, zilikuwa zinawaita watu waliokwisha kuwaona wezi na kuiona serikali pia.

Namna walivyojipanga inastahili kutazamwa kwa utulivu. Kiongozi wao walimwita mtemi. Serikali ya Tanganyika huru ilikuwa imefuta utawala wa watemi mwaka 1963, na karibu miaka 20 baadaye wakulima wakamrudisha mtemi wao, safari hii si kwa ukoo bali kwa kuchaguliwa. Chini yake walikuwapo katibu na makamanda. Wanawake nao walikuwa na safu yao na viongozi wao. Silaha ilikuwa upinde na mishale. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kinaupokea na kuupeleka cha tatu, na nyayo za ng'ombe hufuatwa kwa zamu mpaka zinapoishia. Mwenye kuacha nyayo zipotee kwenye ardhi ya kijiji chake alipaswa kujieleza.

Adhabu kubwa haikuwa kipigo. Ilikuwa kutengwa. Aliyekataa kulipa faini ya ng'ombe hakupewa moto na jirani, hakusalimiwa, hakusaidiwa kulima, na msiba ukimfika alizika peke yake. Kwa mtu wa mjini hilo laweza kuonekana jambo dogo. Kwa anayeishi mahali ambapo kila kazi kubwa ya maisha hufanywa na wengi, ni hukumu nzito kuliko kifungo, na uzito wake wote unatokana na kwamba wanaoitoa ni watu unaowahitaji nao wanakuhitaji. Hapo ndipo nguvu ya sungusungu ilipokaa: katika dagashida, lile baraza la wote, ambako mlinzi naye huweza kuitwa mbele na kuulizwa. Si ajabu kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 kurudisha miti katika nchi iliyokuwa imekauka, ngitili, yaani malisho yaliyotengwa na kuachwa yapumzike, zilisimama pale ambapo dagashida iliweka sheria na sungusungu wakazisimamia. Mchungaji aliyeingiza mifugo kwenye ngitili ya mwenzake aliadhibiwa na majirani, na miti ikaota.

Kutoka Kahama nukta ziliongezeka haraka: Shinyanga yote, Mwanza, Tabora, kisha Mara. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia kusini kutafuta malisho, mpaka Usangu na bonde la Rukwa, waliondoka na mifugo yao na sungusungu wao. Mahakimu walikuwa na wasiwasi na hukumu hizo za nje ya mahakama, na walikuwa na sababu. Viongozi wa chama tawala, Mwalimu Nyerere akiwamo, waliona humo nguvu ya wananchi na hawakutaka izimwe. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu uwezo wa kukamata, na mwaka uliofuata Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliagiza ulinzi huo uenee nchi nzima, Dar es Salaam ikiwamo. Hapo ramani ikajaa rangi kutoka pembe hadi pembe.

Naomba tusiiamini sana rangi hiyo. Dar es Salaam sungusungu ilikuwa orodha ya zamu, na ilififia kwa kuwa jirani hakumjua jirani kiasi cha kumwogopa kumkosea. Ng'ambo ya mpaka jambo hilo linaonekana wazi zaidi. Wakurya wa Kenya walipoichukua sungusungu mwaka 1998, waliikabidhi kwa iritongo, baraza lao la zamani, na wizi wa ng'ombe ukapungua sana. Kwa jirani zao wa Kisii jina lilelile likaja kubebwa na vijana wa kukodiwa, na mwezi Machi 2002 serikali ya Kenya iliiweka Sungusungu katika orodha moja ya makundi yaliyopigwa marufuku pamoja na Mungiki. Jina moja, watu wa ukanda mmoja, na mwendo wa saa chache tu kati yao.

Mbali zaidi kuna nukta ambayo haikutoka Kahama hata kidogo, nayo ndiyo inayonifikirisha kuliko zote. Desemba 1976, katika kijiji cha Cuyumalca, jimbo la Cajamarca huko Peru, wakulima waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na polisi wa kuhongwa walianza doria za usiku. Waliziita rondas campesinas. Hawakuwahi kusikia habari za Usukuma, wala Usukuma habari zao. Nao walikuwa na baraza la wote, nao walikuwa na safu za wanawake, nao waliishia kusuluhisha ugomvi wa mashamba na wa ndoa. Na kama ilivyotokea Geita na Bulyanhulu, kampuni kubwa za dhahabu ziliwafuata: mgodi wa Yanacocha ulianza Cajamarca mwaka 1993. Miaka ya 2011 na 2012 rondas zilikuwa mstari wa mbele kuupinga mgodi mpya wa Conga kwa kutetea maji, na ujenzi ukasimama.

Kwetu dhahabu iliikuta sungusungu kwa namna nyingine. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, kila mmoja na uzio na walinzi wake wa mishahara. Nje ya uzio ziko rashi, ambako habari ya mwamba wenye dhahabu ikitoka leo, kesho maelfu wamefika. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Nyarugusu au Rwamagasa mtu analala karibu na asiyejua kijiji chake, na anaweza kuondoka alfajiri. Utamtengaje mtu asiye na shamba hapo, asiye na ng'ombe wa kutozwa, ambaye msiba wake utaliliwa mkoa mwingine? Ulinzi katika mahali kama hapo huelekea kuwa wa mwenye duara, na hulinda mfuko wa mawe kabla ya kulinda mtu. Si kwamba wachimbaji wadogo hawana utu; wamechangiana mara nyingi kumsafirisha maiti wa mwenzao mpaka kwao. Wanachokosa ni mahali pa kumwita mlinzi na kumuuliza.

Nimelisifu baraza, na sifa hiyo naiamini. Lakini kanda hii hii ya Shinyanga na Geita ndiyo iliyowaua bibi zake. Wanawake wazee, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, wametajwa kuwa wachawi na kukatwa mapanga, mara nyingine ili shamba lao lirithiwe. Sungusungu wa miaka ya mwanzo hawakuwasaka wezi tu, waliwasaka na wachawi, na walifanya hivyo kwa idhini ya kijiji. Hapo walinzi hawakulisaliti baraza, walilitii. Nguvu ya kutengwa inayomrudisha mwizi kwenye adabu ndiyo hiyo hiyo inayomwacha bibi mjane bila mtu wa kumfungulia mlango usiku anapokimbia. Na tangu 2007 ndugu zetu wenye ualbino walipoanza kuwindwa katika Kanda ya Ziwa, viungo vyao vikitafutwa na waganga walioahidi utajiri wa madini na uvuvi, tulijifunza kwamba kijiji chenye filimbi kinaweza kukaa kimya.

Peru iliandika jambo ambalo sisi hatujaandika. Katiba yao ya 1993 inawaruhusu wakulima kuamua mashauri yao kwa mila zao, kwa sharti kwamba haki za msingi za mtu zisivunjwe. Sheria yetu ya 1989 ilitoa uwezo wa kukamata, lakini vijijini baraza liliendelea kuhukumu pia, kama lilivyohukumu tangu mwanzo, na hakuna aliyelichorea mpaka. Ningependa mpaka huo uchorwe sasa, na uchorwe ndani ya dagashida kwa lugha inayozungumzwa humo: kwamba shauri la ng'ombe, la shamba na la ngitili ni la baraza, ila hakuna baraza linaloweza kupokea shauri la uchawi, kwamba anayemtaja mwenzake mchawi ndiye anayejibu, na kwamba viongozi wanawake wakae pale hukumu inapotolewa. Na kwenye maduara, kabla ya mlinzi wa kwanza kupewa rungu, wachimbaji waitwe pamoja na kumchagua mtu ambaye mlinzi huyo atawajibika kwake.